Kaniki ya Bi Sekalinga

Nakumbuka siku moja ya baridi kule Iringa, mwanangu Tusekile, nilipochukua kaniki ya mjane kwenye kamba ya nguo bila ruhusa yake, ili nipendeze gazetini.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani. Unasema jarida la mitindo linakutaka Jumamosi na mionekano minne. Meneja wako anataka ubaki na rasta zako nyekundu na koti la jinzi kwa sababu mashabiki wamekuzoea hivyo, na mpiga picha anataka kila ukurasa uwe mtu mwingine, nawe unaniuliza umfuate nani. Suti ya kiume, sawa. Gauni refu, sawa. Mavazi ya bibi yako, vizuri sana, shanga nitakuazima mwenyewe. Ila huo wa nne, wa kukaa juu ya jeneza umevaa nyeusi, eti kwa kuwa wimbo wako mpya ni wa mapenzi yaliyokufa, ndio ulionifanya nizime redio na kutafuta kalamu. Na unajua vidole vyangu havipendani na baridi ya Mbeya.

Wewe unanijua kama mama mkubwa wako wa Soweto hapa Mbeya, fundi wa makande na mtaalamu wa kugombana na majirani. Hukunikuta nikiimba. Nilikuwa mwimbaji wa bendi ya dansi Iringa, nina miaka ishirini na miwili, na kichwa kimenivimba kwa sifa. Baba yako mkubwa Gwamaka alikuwa amenioa mwaka mmoja tu, akiendesha lori kati ya Iringa na Mbeya. Tulipanga chumba kwa Bi Sekalinga, mama wa Kihehe aliyefiwa na mume, mtu wa maneno machache na kaniki moja nyeusi aliyoifua kila wiki.

Mpiga picha wa gazeti alikuja kutoka Dar es Salaam na sanduku la nguo. Picha ya kwanza alinivika gauni la kumetameta, ya pili suti ya kiume na kofia. Nilifurahi, sitakudanganya. Kila nilipotazama kioo nilimkuta mtu mwingine, na kila mmoja alikuwa mzuri kuliko mimi. Kisha akasema, "Sasa nataka ule wimbo wako wa mwanamke aliyebaki peke yake. Msomaji akikuona, alie." Sandukuni hakukuwa na nguo ya kumliza mtu. Hapo ndipo nilipokumbuka kaniki.

Bi Sekalinga alikuwa mlangoni anamenya viazi. Nilimsalimu, "Kamwene, bibi," akaitika, nikamwomba.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, bibi. Ni ya picha tu."

"Watu wakikuona watauliza nani amekufa. Utawatajia jina gani?"

Nikacheka, nikasema nitawatajia jina la wimbo. Hakucheka. Alisema, "Iache hapo kwenye kamba, binti," akachukua viazi vyake akaingia ndani. Nikasubiri mlango ufungwe, nikaichukua.

Ilikuwa bado mbichi, ikanishika mgongoni kwa baridi. Nikakaa chini, ukutani, miguu nimeikunja. Mpiga picha akaniambia niweke mikono kichwani. Mwanangu, wewe na mimi tumelelewa na mikono ileile. Ukiweka mikono kichwani bila sababu, mama anaipiga: unamlilia nani, umeniona nimekufa? Nilisita. Yule bwana naye alilelewa hivyohivyo, usidhani hakujua. Alijua vizuri, ndiyo maana aliitaka. Nikaiweka.

Kitu cha kwanza kilikuwa redio ya jirani. Ilikuwa ikiimba tangu asubuhi, ikazimwa. Halafu mtoto aliyekuwa akicheza nyuma ya nyumba akaitwa ndani. Kamera inalia tu, na mimi nasikia jinsi ua wote ulivyonyamaza. Kisha wakaingia wanawake wawili, wapita njia wanaotoka sokoni, sijawahi kuwaona. Hawakusalimu. Walitua vikapu vyao, wakavua viatu, wakaketi kando yangu wakanyoosha miguu. Mmoja, yule mkubwa, akaanza kulia taratibu, kilio cha mtu anayekumbuka wake. Mpiga picha akafurahi, akasogea, akapiga na kupiga. Nilitaka kushusha mikono nikashindwa. Nikaanza kulia na mimi, kilio cha kweli, na sikujua namlilia nani.

Picha zilipokwisha nilipata aibu, nikawaambia, "Mama zangu, samahani, tulikuwa tunaigiza." Yule mkubwa alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Mimi machozi yangu yameshatoka," akasema. "Sasa mtayapeleka kwa nani?"

Wakajitwisha vikapu wakaenda. Bi Sekalinga naye hakunigombeza. Alikuja akaivua kaniki begani mwangu, akaitumbukiza tena kwenye beseni, akasema niombe Mungu ile picha isitoke. Ilitoka, ukurasa mzima. Nikanunua nakala mbili, nikazionyesha kila nilipokwenda.

Sasa sikiliza ilikofika. Kwetu Mbalizi kulikuwa na duka la Mama Jaya, Mhindi aliyeongea Kisafwa kutuzidi sisi tuliozaliwa pale. Sukari alikuwa akiifunga kwa kurasa za magazeti ya zamani, kama maduka yote wakati ule. Miezi kadhaa baada ya ile picha, bibi yako, mama yangu, alinunua nusu kilo, akafika nyumbani, akakunjua karatasi. Ndani yake nilikuwa mimi, nimevaa kaniki, mikono kichwani, na wanawake wamenikalia msiba. Maneno ya chini, yaliyosema kwamba ni mwimbaji na wimbo wake, yalikuwa yamechanwa, labda yalifungia karanga za mtu mwingine. Mama kusoma hakujua sana, lakini picha ile aliisoma yote. Barua yetu ilikuwa haijamfikia kwa muda. Mkwe wake alikuwa dereva. Alivaa kitenge, akaenda na ule ukurasa hadi kwa baba yake Gwamaka, mtaa wa pili, akautandaza mbele yake. Walituma mtu Iringa siku ileile kwa basi, nao wakakaa chini kulia.

Sisi hatukujua lolote. Gwamaka alipata likizo, tukapanda basi kwenda kuwasalimia wazee. Pengine mtu aliyetumwa tulipishana naye pale Nyololo, kila mmoja akila mahindi yake dirishani. Tulilala mjini Mbeya, tukafika nyumbani kwao kesho yake saa nne asubuhi, ukungu haujaondoka. Tukaona mikeka, tukaona wanaume wamezunguka moto, na Gwamaka, mtu mwenye heshima zake, akavua kofia akasema, "Poleni jamani. Nani tena?"

Watu wapatao arobaini walimtazama, na ninachokumbuka ni kwamba walitazama miguu yake kwanza, kisha uso. Shangazi yake alianza kupiga yowe akalikatiza katikati. Wale waliokuwa karibu naye walisogea, wakaacha nafasi imemzunguka. Gwamaka akauliza tena, kwa sauti ndogo sasa, "Ni nani?" Baba yake alinyanyuka, mzee wa watu, akaagiza aletewe ugali na maharage.

"Kama ni wewe," akasema, "kula tukuone."

Akala. Alisimama katikati ya matanga yake mwenyewe akatafuna, na watu wote wakayaangalia mataya yake yakienda. Alipomeza tonge la tatu mama yake akamrukia akamkumbatia. Ule ukurasa nao ulikuwa kwenye mkeka, umewekewa jiwe usipeperuke, na sukari bado imeganda kwenye mkunjo. Nikajiona ninavyolia. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa sura yangu mwenyewe siku ile.

Basi kwetu unajua utani. Baada ya wiki wote walikuwa wanacheka, na tangu siku hiyo Gwamaka akapewa jina. "Marehemu, umeamkaje?" "Mwiteni Marehemu aje ale." Naye alicheka pamoja nao, alikuwa mcheshi. Lakini mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilijua. Hakukubali tena kupigwa picha. Msibani kwa watu alikaa pembeni kabisa, karibu na njia, na hakula. Aliwahi kuniuliza mara moja tu, tukiwa tumezeeka tayari, kama ninadhani yale machozi yalirudi kwa wenyewe. Nilimwambia ale chakula chake kisipoe. Mpaka leo najuta kumjibu hivyo.

Mwaka juzi ulikuwa shuleni Dodoma, uliambiwa tu kwamba baba mkubwa ametutoka na ameshazikwa. Hukuambiwa namna ilivyokuwa. Aliondoka asubuhi, akiwa amekaa kwenye kiti chake barazani, chai mkononi. Nilipiga simu Mbalizi, akapokea Lusajo, mtoto wa mdogo wake, kijana aliyekulia kwenye utani ule. Nikamwambia, "Lusajo, baba yako mkubwa amefariki."

Akacheka. Mwanangu, alicheka kwa furaha kabisa. "Mama mkubwa na wewe! Safari hii imetoka gazeti gani?"

Nikamwambia ni kweli. Akasema ameshaelewa, nimsalimie Marehemu, akakata. Nikampigia mwingine, naye akacheka kidogo kidogo, kwa mashaka, akasema, "Tutumie basi picha tuamini." Picha! Simu ikaniponyoka. Waliamini kesho yake, siku ya mazishi, mchungaji wetu alipowapigia mwenyewe, na gari lao likaharibika njiani. Walifika kaburi limeshafukiwa na maua yameshawekwa. Lusajo alilala juu ya ule udongo akaomba msamaha, na hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa na umri kumzidi.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu, hata mama yako. Simu ilipoanguka nilikaa chini, ukutani, na sikujua kama nimeweka mikono kichwani. Sikuwa nimelia bado, nyumba haina mtu. Geti likafunguka wakaingia wanawake wawili wenye vikapu, wapita njia, siwajui. Walitua mizigo, wakavua viatu, wakaketi kando yangu, wakanyoosha miguu. Yule mkubwa akaanza kulia taratibu. Niliwauliza wameambiwa na nani. "Hatujaambiwa, mama," akasema, "tumekuona mikono kichwani tukaingia." Majina yao sikuyapata, na Soweto yote nimewaulizia. Nilijua tu kwamba yale machozi ya Iringa yamefika yalikokuwa yanakwenda.

Kwa hiyo, Tusekile, jibu langu hili hapa. Badilika. Meneja wako asikufanye sanamu. Msanii akionekana vilevile kila ukurasa, hata yeye mwenyewe hujichoka. Vaa suti, nyoa kichwa ukitaka, paka nywele rangi ya ndizi mbivu, watu washangae waulize huyu ni nani. Hizo ni nguo, unavaa unavua. Ila kuna mavazi na mikao ambayo watu wakiiona hawaulizi ni mtindo gani. Wanatua mizigo yao wanakuja kukusaidia kulia. Hiyo usiiazime, kwa sababu siku utakapoihitaji utaikuta imeshatumika. Jumamosi mwambie mpiga picha una mionekano mitatu, na wa nne utakuwa wewe, umenawa uso, umekaa kama unavyokaa jikoni kwa mama yako. Na kabla picha hazijatoka, mwonyeshe mama kwenye simu. Akiuliza "nani amekufa?" ifute.

Mungu akutangulie, mwanangu. Sauti yako ifike mbali na wewe urudi karibu. Ukipiga hodi nyumbani wakujue kabla hujataja jina, na siku ukilia kweli, waje wote, wakuwahi.