Nilivyotaka kumlipia ndugu yangu tozo ya barabara Italia, nikamponza mkewe

Wakuu, amani kwenu nyote, mlio nyumbani na mlio ugenini kama sisi.

Juzi kijana mmoja humu aliuliza namna ya kulipa tozo za barabara mtu akikodi gari Ulaya na kuzunguka nchi tatu nne. Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena.

Kila nikifika pale pa "ukifika getini chukua tiketi", mkono unakuwa mzito.

Basi nimeona nieleze yote. Sitaongeza chumvi, na mengi nitakayosema hayanipambi.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane. Nilizaliwa Unguja, nikaletwa Jeddah nikiwa na miaka saba. Skuli nilisoma hapa mpaka sekondari, nikafanya kazi duka la vipuri vya magari mpaka nilipostaafu. Naishi mtaa wa Baghdadiyah. Mdogo wangu, nimwite Nassor, yuko Riyadh, mtaa wa Al-Malqa. Yeye alisoma zaidi yangu na akafanikiwa zaidi yangu. Alhamdulillah.

Kabla ya safari hii tulikuwa na miaka minne hatusemezani vizuri.

Mama yetu alifia kwangu Jeddah, asubuhi. Nassor akapiga simu kwamba amepata ndege ya alasiri, tumsubiri tuzike baada ya Isha. Mimi nikasema maiti haicheleweshwi. Tukazika baada ya Alasiri. Nassor alifika makaburini udongo umeshakauka juu. Hakusema neno. Na ndiyo ikawa hivyo, miaka minne hakusema neno zaidi ya mkono wa Idi.

Ningeweza kumsubiri. Saa nne tano tu. Lakini hilo lina uzi wake siku nyingine.

Aliyetupatanisha ni mkewe, Zuhura. Huyu shemeji yangu ni mwanamke wa kazi. Wanawake waliporuhusiwa kuendesha magari huku, yeye alikuwa na miaka hamsini na kitu, na alikuwa katika wa mwanzo kwenda kutafuta leseni. Wenzake wanamcheka, yeye anacheka nao, huyo anawasha gari anawapita.

Zuhura alimpigia mke wangu, Mama Khamis, wakapanga wao wawili: wiki tatu Ulaya, magari mawili ya kukodi. Mimi na mke wangu gari moja, Nassor na Zuhura na binti zao wawili gari la pili. Tushukie Munich, Ujerumani, tupite Austria, twende Italia, turudi.

Sisi waume tuliambiwa tu tulete pasipoti.

Sasa kidogo kuhusu tozo, maana kijana aliuliza.

Sisi wa Saudia tozo hatuzijui. Barabara ya Jeddah mpaka Riyadh unakwenda karibu kilomita elfu moja bila kusimamishwa ulipe. Kwa hiyo tulikuwa kama watoto wachanga.

Austria unanunua stika, unabandika kwenye kioo cha mbele. Ipo pia ya mtandaoni, lakini soma vizuri, nyingine haianzi kufanya kazi siku ile ile. Sisi tulinunua ya kubandika, kituo cha mafuta kabla ya mpaka. Na hata ukiwa na stika, ile njia kubwa ya milimani ya kuingilia Italia ina tozo yake mbali, unalipa getini.

Hapo getini ndipo mchezo ulipoanza.

Aliyekaa Hijaz, huku kwetu Jeddah na Makka, au hata aliyekulia Unguja, anajua watu wetu hawakubali kulipiwa. Mkila mgahawani, wanaume wazima wanang'ang'aniana risiti kama wanapigana. Mwingine anajifanya anakwenda kunawa, kumbe kampelekea mhudumu kadi kwa siri. Kulipa ni heshima. Na kaka mkubwa kulipiwa na mdogo wake, hilo ni zito zaidi.

Mimi nilikuwa mbele. Kwenye kibanda alikuwamo mama mmoja mnene. Nikamwonesha vidole viwili, nikaonesha gari la nyuma. Akaelewa, akacheka, akachukua pesa za magari mawili.

Nassor alipofika akaambiwa pita. Nikamwona kwenye kioo anapiga mikono hewani.

Mara simu ya mke wangu ikalia. Ni Nassor, kwenye spika.

"Kaka, wallahi umenionea! Hii ni mara ya mwisho!"

"Mara ya mwisho kwa nani? Wewe nimekubeba mgongoni."

"Umenibeba mara moja, ukaniangusha. Kovu ninalo."

Wakuu, tulicheka. Miaka minne sikuwa nimesikia kicheko cha ndugu yangu. Mama Khamis aligeuza uso dirishani, na mimi nilijua analia.

Basi kuanzia hapo ikawa mashindano ya nani atatangulia getini. Nassor akanipita kwa kasi, akalipa geti lililofuata. Binti zake wakanipungia mikono kwa nyuma kama wameshinda kombe.

Nikasema moyoni, ngoja.

Italia mambo hubadilika. Unapoingia barabara kuu unabonyeza kitufe, mashine inakupa tiketi. Hulipi hapo. Unapotoka, labda mbele sana, unaingiza ile tiketi na mashine inahesabu umetoka wapi. Ukiwa huna tiketi, inakuhesabia kama umetoka mbali kuliko kote. Na ile njia yenye alama ya manjano usiingie, ni ya wenye kifaa maalumu kwenye gari.

Hayo nilikuwa nimeyasoma. Nilijua tiketi ni nini. Sitajificha kwenye kutojua.

Tulisimama kituo cha kupumzikia. Nassor akaenda kutia udhu. Zuhura, ambaye kwenye gari lao ndiye mtunza tiketi, akaenda dukani na binti zake. Gari lao lilikuwa wazi. Tiketi niliiona, imewekwa vizuri kabisa kwenye kijisanduku kati ya viti.

Nikaichukua. Nikaitia mfukoni mwa shati.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: nitatangulia getini, nitaingiza tiketi mbili, nitalipa zote mbili, Nassor atafika na kuambiwa pita kama mara ya kwanza. Atapiga mikono hewani, tutacheka.

Sikufikiria kwamba geti hili halina mtu.

Nilipofika ilikuwa mashine tupu. Nikaingiza tiketi yangu, nikalipa, kizuizi kikapanda. Nikajaribu kuingiza ya pili, mashine ikaikataa, inasubiri kwanza gari lipite. Nyuma yangu Nassor, nyuma ya Nassor lori, nyuma ya lori foleni. Honi. Nikapita, nikaegesha mbele, nikashuka nimrudishie kwa miguu. Akatokea mlinzi wa barabara, akanifokea kwa Kitaliano na kunionesha nirudi garini.

Basi nikasimama pale, tiketi iko mfukoni, namwangalia ndugu yangu.

Alikuwa anapekua. Nikaona Zuhura amemwaga mkoba wake wote mapajani. Binti zao wanainama chini ya viti. Honi haziishi. Nassor akashuka na kuzunguka upande wa mkewe, akafungua mlango, na ingawa kulikuwa na kelele nilimsikia.

"Nilikupa mkononi! Mkononi mwako, Zuhura! Kitu kimoja tu nilikukabidhi!"

"Niliiweka hapa. Wallahi niliiweka hapa."

"Iko wapi basi? Imeota mbawa?"

Mwisho akabonyeza kitufe cha msaada, sauti ikamjibu asichoelewa, mashine ikamtolea karatasi ndefu ya deni, kizuizi kikapanda. (Kijana, ukipewa karatasi hiyo usiitupe. Inalipwa baadaye, na ina siku zake.)

Walipoegesha karibu nasi, Nassor alikuwa amebadilika rangi. Zuhura hakushuka.

Hapo, wakuu. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema maneno manne: "Tiketi ninayo mimi, nisamehe."

Nilifungua mdomo. Nassor akasema, "Kaka, umeona? Mbele ya watu wote hawa ananiaibisha." Na mimi nikaona hasira ile ikigeukia kwangu. Nikaona makaburi yale ya Jeddah. Nikaona safari imevunjika na kosa ni langu tena.

Nikasema, "Halas, Nassor. Yameshapita. Yalla, twende."

Mama Khamis alikuwa amenitazama mfukoni. Ncha ya karatasi ilikuwa nje.

Garini akafunga mkanda. Halafu akasema, "Utamwambia lini?"

"Akitulia."

"Yeye akitulia, au wewe ukisahau?"

Nikaongeza mwendo. Tulipofika hotelini niliichana ile tiketi vipande vinne, nikaitupa.

Safari iliisha kwa utulivu wa kuogofya. Mimi na Nassor tulikuwa marafiki wakubwa, tunakunywa kahawa pamoja, tunapiga picha. Zuhura alikaa nyuma na binti zake. Tiketi zilizofuata Nassor alizishika mwenyewe, na kila akizishika alizinyanyua juu kidogo aone kila mtu.

Nilipata ndugu yangu kwa kumuuza mkewe. Sina neno jingine la kuliita.

Sasa kuna jambo sikuwa nalijua vizuri. Mama yake Zuhura, katika miaka yake ya mwisho, alipoteza kumbukumbu. Alifikia kumwita Zuhura "bibi wewe, unatafuta nani?" Zuhura amekuwa akiogopa ugonjwa ule.

Baada ya safari, kila kitu kilichopotea kwao Riyadh Nassor alikiunganisha na tiketi. Miwani haionekani: "Kama ile tiketi." Chumvi imezidi: "Unaona? Tangu Italia." Nassor hakufanya kwa ubaya, alikuwa na hofu ya kweli. Na Zuhura akaanza kuamini. Akaanza kubandika vijikaratasi jikoni vya kujikumbusha kuzima jiko.

Miezi mitano ikapita. Siku moja Mama Khamis akatoka chumbani na simu mkononi.

"Zuhura ameacha kuendesha gari. Kampa Nassor ufunguo mwenyewe. Wana miadi na daktari wa kumbukumbu Jumanne." Akakaa mbele yangu. "Nimekusitiri kwa sababu wewe ni mume wangu. Jumatatu ikifika kabla hujasema, nitasema mimi."

Naandika hili ili msinisifu. Sikuamka mwenyewe. Niliamshwa.

Jumatatu asubuhi nikapanda ndege kwenda Riyadh.

Nassor alinipokea kwa furaha, akaniwekea kahawa na tende. Nikamwambia mwite na Zuhura. Nikasema bila kuzunguka. Kituo cha kupumzikia, kijisanduku kati ya viti, mfuko wa shati, vipande vinne.

Nassor aliweka kikombe chini taratibu.

"Ulikuwa umesimama pale," akasema. "Ulinitazama ninavyomfokea mke wangu mbele ya wanangu. Na ulikuwa nayo mfukoni."

"Ndiyo."

"Nikakuambia ananiaibisha. Ukaniambia halas."

"Ndiyo, Nassor."

Zuhura hakuwa amekasirika. Ningefurahi angekasirika. Alikuwa ameshika ukingo wa mtandio wake.

"Kwa hiyo sikuipoteza?"

"Hukuipoteza, shemeji."

"Niliiweka pale pale niliposema?"

"Pale pale."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akaita binti zake, nikasema mara ya tatu mbele yao. Halafu akasema, "Kesho utakuja kwa daktari, kaka. Umwambie na yeye. Maana kwenye fomu yake mume wangu ameandika tiketi ndiyo dalili ya kwanza."

Basi mzee mzima nikakaa mbele ya daktari, mwanamke mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, nikamweleza kwa Kiarabu kwamba dalili ya kwanza niliiba mimi. Alinitazama, akamtazama Nassor, akauliza hizo dalili nyingine zilianza lini. Nassor akasema baada ya hapo. Daktari akampima Zuhura kwa maswali karibu saa nzima, akasema haoni tatizo, arudi baada ya mwaka kwa sababu ya historia ya mama yake.

Tulipotoka kwenye maegesho, Zuhura akanyoosha mkono kwa mumewe.

"Ufunguo."

Nassor akampa. Akazunguka akakaa kiti cha abiria. Mimi nikashika mlango wa nyuma. Nassor akashusha kioo.

"Wewe, kaka, tafuta teksi."

Wakaondoka.

Huu ni mwezi wa nane tangu siku ile. Zuhura huongea na mke wangu kila wiki na hunisalimia kupitia kwake, nami najua ni zaidi ya ninavyostahili. Nassor hapokei simu yangu. Mara hii hata mkono wa Idi hakunipa. Simlaumu.

Nilichojifunza: kosa la kuchukua tiketi lilikuwa mzaha wa wazee wawili, lingesameheka pale pale barabarani, tungelicheka mpaka leo. Lililobaki ni ule muda niliosimama nikamwacha mtu mwingine abebe. Kila siku niliyochelewa, yeye alilipa.

Kijana uliyeuliza, maelezo ya tozo umeyapata hapo juu. Kila gari lishike tiketi yake, kila mtu alipie gari lake, heshima mtaoneshana mkifika.

Na nyinyi wengine, hasa mliowahi kukosana na ndugu wa tumbo moja kwa kosa lenu wenyewe mara mbili, naomba mniambie. Niendelee kumpigia, au nipande ndege nikakae mlangoni kwake mpaka afungue? Mkitaka kunisema, nisemeni. Nasoma kila jibu.