Mshika Simu wa Misibani

Kijijini kwetu Katumba tuna wachimba makaburi, tuna wapika ubwabwa, na tangu ndugu zetu waanze kuhamia Kanada na Australia, tuna mshika simu. Huyo ni Annonciata. Siku za kawaida anauza dagaa wa Ikola, kule ziwani, ila ukifiwa na una mtu ng'ambo unamfuata yeye amwonyeshe mazishi kwa video, maana mkono wake hautetemeki na machozi hayamtoki hovyo. Harusi hataki kuzisikia. Anasema maharusi wana maringo, maiti hana neno.

Mama yake Dieudonne alipofariki, Dieudonne alikuwa Kanada na kazini wakamnyima ruhusa. Ndiye mtoto pekee. Akaomba kitu kimoja tu: amuage mama yake kwa maneno yake mwenyewe, kwenye simu, kabla hajafukiwa. Akatuma hela ya bando. Jamani, bando! Huku kwetu unanunua la wiki asubuhi, mchana limekuaga, na hujatazama chochote zaidi ya kile kiduara kinachozunguka.

Siku ya mazishi Annonciata akapanda juu ya rundo la udongo pembeni mwa kaburi, simu mkononi. Dieudonne akatokea kwenye kioo na koti lake la baridi, akafungua mdomo, akaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Mtu na msiba wake, amegandishwa kama anayetaka kupiga chafya! Mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nikajifunika kitenge nikajifanya nalia.

"Zimeni data wote!" Annonciata akafoka. "Mnara mmoja, nyie mko mia mbili!"

Watu wakatoa simu mifukoni, wengine kifuani, kila mmoja akaapa kwamba kazima. Dieudonne bado kaganda. Mchungaji Elias alikuwa ameshika udongo kiganjani, kainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mara koti lake likalipuka kelele za mtangazaji wa mpira. Goli! Kumbe mtandao wetu wote unacheza mpira mfukoni mwa mtumishi wa Bwana.

"Nilidhani nimezima," akasema. Muongo mkubwa.

Akazima. Na kweli, Dieudonne akatikisika, akafumbua jicho. "Haloo? Mna..." Akapotea. Ukaingia ujumbe: Mpendwa mteja, bando lako limekwisha. Upendo gani huo!

Wingu la mvua lilikuwa limeshatufikia, matone ya kwanza yanaanguka. Wazee wakasema mwili haungoji mtandao, fukieni. Annonciata akabishana nao mpaka sauti ikamkauka, wachimba makaburi wakachukua makoleo, wakafukia. Nilimwona akiandika meseji ya kawaida haraka haraka, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nyuma yake, nikasoma. "Rekodi maneno yako yote, tuma kwa sauti. Nitamfikishia."

Kisha akawasha laini yake ya pili, ile ya kuulizia dagaa Ikola, iliyokuwa imebaki na vi-MB vya kulambia kidole.

Mvua ikapiga, ikapita. Tukaenda kula. Annonciata hakula. Simu aliiegemeza kwenye sufuria la maharage akawa anautazama ule ujumbe wa sauti wa Dieudonne ukivuta, unavuta, unasimama, unaanza tena. Mtu akimpita na sahani anamwambia asogee, asizibe mtandao. Tukamsengenya, tukamaliza wali, tukaosha vyombo. Ndipo ukafunguka.

Hakumsikilizisha mtu. Aliichukua simu akashika njia ya makaburini, na mimi nikamfuata kwa nyuma. Si kwa huruma, kwa umbea.

Alipiga magoti kwenye tope, akatandika leso yake juu ya kaburi, akailaza simu hapo, akabonyeza. Ikatoka sauti ya Dieudonne, sauti ya mtu aliyeshinda kutwa nzima akigombana na mtandao:

"Haloo? Haloo? Mama, unanisikia?"

Kikafuata kimya. Alikuwa amesubiri ajibiwe, maskini, kwa mazoea tu, huku anajirekodi peke yake.

Annonciata, mwanamke asiyelia misibani, akajifuta pua kwa kiganja chenye tope. Akaiinamia ile simu.

"Anakusikia, baba," akasema. "Sema."