Mahindi ya Mpiga Ngoma

Wiki iliyopita tulimzika mwalimu wetu wa okestra, nami nimerudi Rugenge, mtaa wetu wa kando ya ziwa, baada ya miaka mingi. Kaburini iliimba kwaya tu. Fidla haikuwepo hata moja. Nikapita kwenye ule ukumbi tuliokuwa tukifanyia mazoezi. Paa halipo, na ndani akina mama wameanika ndagala, vile visamaki vya ziwani. Basi nikae nikusimulie, ndugu yangu, maana jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, nikipiga fidla ya pili. Fidla zetu walituachia mapadri, na uzi ukikatika tulifunga waya wa breki ya baiskeli au nailoni ya wavuvi wa Kalundu. Asubuhi mwalimu alifundisha Kifaransa shuleni. Alasiri alituongoza katika simfoni za Wafaransa. Barabarani alikuwa mpole, hata mbuzi alimpisha. Akishapanda juu ya kreti ya bia mbele yetu, alikuwa moto wa mabua makavu. Alirusha mikono kama anayefukuza nyani shambani, shati likalowa, nasi tukapiga kwa nguvu mpaka vidole vikatoka damu. Nilimwogopa, na nilimpenda sana.

Nyanya yangu, aliyejua kwamba okestra ni bendi ya rumba, alisikiliza siku ya kwanza akauliza, “Okestra gani hii iko bila mwimbaji?” Lakini kila Jumapili alikuja.

Mwalimu alikuwa na sheria moja: “Mbele minye sijafunga ngumi, hakuna muntu anaacha kupiga.” Kabla hajafunga ngumi hewani, muziki ulikuwa haujaisha.

Mpiga ngoma wetu alikuwa mkulima wa Katogota, aliyekuja kwa baiskeli. Hakujua kusoma muziki. Katika sehemu ya mwisho ya simfoni alipaswa kunyamaza muda mrefu kabla ya kuingia, kwa hiyo alihesabu kwa mahindi. Kila mkono wa mwalimu uliposhuka, alihamisha punje moja kutoka kiganjani kwenda kwenye kopo. Punje sitini na nne, zikiisha, anapiga. Tulimcheka, lakini hakuwahi kukosea.

Jumapili moja alasiri, ukumbi umejaa, tulikuwa ndani ya sehemu ile ya mwisho. Ngoma ikalia, nzito, kabla ya wakati wake. Mwalimu akamgeukia mpiga ngoma kwa jicho la hasira ambalo sijapata kuliona tena. Yule mtu hakuwa ameshika hata fimbo. Alifungua kiganja akamwonyesha punje zilizobaki. Mlio ukarudi, safari hii madirisha yakatikisika, na watu wa nyuma wakaanza kutoka. Ilikuwa mizinga ya vita, upande wa bonde la Ruzizi, kwenye njia ya Katogota.

Tulimtazama mwalimu, tukingoja afunge ngumi. Hakufunga. Aliongeza moto, nasi tukamfuata, tukilia na kupiga. Mpiga ngoma alihamisha punje zake moja moja mpaka ya mwisho. Kisha akapiga. Hatujawahi kupiga vizuri vile, na nasema hivyo kwa aibu.

Ngumi ilipofungwa, mpiga ngoma aliruka juu ya baiskeli kwenda kwa mke na watoto wake Katogota. Waliotoka mlio uliporudi walipita. Yeye alikuta barabara imefungwa kwa risasi, na hakufika.

Sisi tulijifungia humo ukumbini. Siku ya tatu, njaa ilipotushinda, nyanya alichemsha mahindi ya lile kopo. Nilizihesabu zile punje kabla ya kula. Zilikuwa sitini na nne.

Nyanya alimpelekea mwalimu sehemu yake kwenye kona alikokuwa amekaa.

“Yule baba hakukosea hesabu.”

“Minye najua, mama. Nilijua tangu alinionyesha mukono.”

“Na weye ukaendelea?”

“Ilibakia kidogo tu.”

Nyanya aliweka sahani chini, na hakumsemesha tena mpaka yeye nyanya alipofariki. Mwalimu naye hakuongoza tena. Fidla ziligeuka kuni, wapigaji wakatawanyika Burundi na kwingineko, na leo ukimwambia mtoto wa Rugenge kwamba hapa palipigwa simfoni, atadhani unamtania.

Kaburini waliniomba niseme neno kwa niaba ya wanafunzi. Nilisema alikuwa mwalimu hodari, na ni kweli. Mahindi sikuyataja. Mbele yangu, kati ya waombolezaji, alisimama mjane wa yule mkulima wa Katogota, ameleta maua.