Madawati ya Kuazima

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa akili ya kujifunza na anayetuvumilia tunapochelewa kujifunza. Namshukuru kwa kunifikisha umri huu nikiwa bado naziona herufi, ingawa kwa msaada wa miwani.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, huko upande wa Pap Onditi. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulikuwa bado mgeni, na wazazi walikuwa wamechoka kuchangia ujenzi wa karakana za ufundi ulizozidai. Mimi nilikuwa kijana wa mjini Kisumu, naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi ya umma. Mwalimu mkuu alikuwa Mama Perpetua, mtu wa sauti ya chini. Yeye alikuwa wa kanisani na mimi wa msikitini, lakini nikizama katika kusahihisha madaftari, yeye ndiye aliyenikumbusha saa ya swala.

Darasa letu la kwanza halikuwa na sakafu wala dawati. Watoto walikaa vumbini, daftari juu ya goti, na funza waliwaingia vidoleni hata wengine wakaacha kuja shule. Jambo hilo lilimkosesha Mama Perpetua raha. Tukaandaa harambee ya kujenga sakafu na kununua madawati, na mkubwa mmoja wa serikali akakubali kuwa mgeni wa heshima.

Siku iliyotangulia, mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Ondiek, alikuja na wazo. Tuazime madawati ya shule jirani, tuyapange katika darasa la kwanza, mgeni aone kwamba sisi ni watu wa mpango.

"Akikuta watoto kwa mchanga, atasema hii kamati imelala," alisema.

"Lakini wako kwa mchanga, Mzee," Mama Perpetua akajibu.

"Mama, hata wewe ukipata wageni, si unaazima viti kwa jirani?"

Tulicheka, kwa sababu sote tulifanya hivyo. Kamati ikakubaliana, na mwalimu mkuu, akiwa peke yake upande wa pili, akaacha kubisha. Nikatumwa na mkokoteni wa ng'ombe. Mwalimu mkuu wa shule jirani hakuwa na kinyongo; alituazima madawati yote ya madarasa yake ya chini.

Asubuhi watoto wetu walikalia mbao, miguu ikining'inia. Wakati wa mapumziko wengine walikataa kutoka nje, wakiogopa kunyang'anywa nafasi.

Mgeni alikuja, akalitazama darasa, akafurahi. Aliposimama kuhutubia alisema, "Nyinyi mmejiweza. Njiani nimesimama kwenye shule moja hapo nyuma, watoto wanakaa chini, dawati hakuna. Nimeona mchango wangu niwapelekee wale. Nyinyi nimewaletea mpira na saa ya ukutani."

Watu wakapiga makofi ya shaka. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza, "Si hayo ni madawati ya wale?" Mwenzake akamwambia anyamaze, mambo yameshaharibika.

Mama Perpetua akainuka. Mzee Ondiek akamvuta nguo. "Mama, kaa. Utatuua na aibu."

Hakukaa. "Mheshimiwa," alisema, "madawati uliyoyaona ni ya shule ile uliyosimama. Tuliyaazima jana. Kesho watoto wetu wanarudi chini. Shule hii naiongoza mimi, na mimi ningeweza kukataa. Kwa hiyo aibu ni yangu."

Mgeni akasema kwamba neno lake limeshatoka, na shule ile nayo ina watoto. Akaaga, akaondoka. Mchango ulikwenda kwa jirani.

Wazazi hawakuondoka. Mama mmoja muuza samaki sokoni akasema, "Mwalimu, sisi tulidhani pesa yetu inaliwa. Kila tukiitwa hapa tunaonyeshwa rangi mpya ukutani. Sasa tuambie, shida iko wapi?"

Mama Perpetua akawaongoza hadi darasa la kwanza, akasogeza dawati moja, akawaonyesha vumbi. Wengi walikuwa hawajawahi kuingia mle. Baba mmoja alitoa miti yake ya mikaratusi ipasuliwe mbao. Mwingine, aliyekuwa akisomba miwa kupeleka kiwanda cha sukari cha Muhoroni, akaahidi kuleta mchanga na kokoto kwa trela. Muhula uliofuata sakafu ilikuwepo. Madawati yalikuja polepole, na mengine yaliyumba, lakini wale walioacha shule walianza kurudi.

Jioni ile ya harambee, tukipakia madawati ya watu, nilimwuliza Mama Perpetua kwa nini alijibebesha aibu ya kamati nzima.

"Mwalimu," akasema, "mgeni ameshaenda. Mimi nabaki na hawa watoto."

Mwanangu, ukikabidhiwa shule, usiipambe ili mgeni akusifu. Sema inachokosa, na useme mbele ya wazazi kwanza, kwa sababu mtu huchoka kuchangia kitu ambacho haonyeshwi. Na kama Mungu amekuweka upande wa wanaotoa fedha za umma, ingia darasani siku usiyotarajiwa, uulize watoto jana walikaa wapi. Elimu ya maskini haina mtetezi mwingine ila mtu anayekubali kusimama wakati wengine wanamvuta akae.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe ulimi usioogopa na moyo usiojivuna, na watoto watakaopita mikononi mwako wakutaje kwa heri katika sala zao. Amina.