Bingwa wa Dakika Sifuri

Adoyo wa Munyaka ni fundi wa kompyuta, na kila mwaka kamati ya mbio za kanisa humwita aandae matokeo, kwa malipo ya asante nyingi. Skripti yake, yaani programu ndogo ya kupanga matokeo, ni fupi. Inasoma orodha ya wakimbiaji, inawapanga kuanzia mwenye muda mfupi zaidi, na mahali pa muda pakiwa patupu, yaani null, inamruka mtu huyo.

"Sifuri ni muda uliopimwa," alimweleza mwenyekiti, Mzee Kiptui. "Null ni mtu ambaye saa haikumwona kabisa."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama watu wanavyoitikia mahubiri marefu. Adoyo alipoenda kunywa chai, mzee, ambaye hawezi kuvumilia orodha yenye mapengo mbele ya wageni, aliketi kwenye kompyuta akajaza sifuri kila palipokuwa patupu.

Skripti ikatii. Watu saba ambao hawakukimbia wakashika nafasi saba za kwanza. Wa kwanza kati yao alikuwa mwenye namba moja ya usajili, Mzee Kiptui mwenyewe, ambaye hujiandikisha kila mwaka na hajawahi kukimbia hata mvua.

"Mzee, hapa kuna makosa," Adoyo alisema.

"Kompyuta haina upendeleo, Adoyo. Si wewe ulituambia?" Alikuwa ameshafunga vifungo vya koti.

Jemutai wa Turbo, aliyemaliza kilomita kumi mbele ya kila mtu, alitangazwa wa nane. Mzee alimpa mkono, kombe likiwa kwapani, akamshauri aongeze mazoezi.