Shimo Nyuma ya Jiko Letu

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile baba yangu na shangazi yangu walipogongana ndani ya shimo, kila mmoja na kikapu chake. Kaa vizuri nikueleze, na usicheke kabla sijafika pa kuchekesha.

Ilikuwa hapa hapa Msambweni, bendera yetu mpya haijaanza kuchujuka rangi. Tulipata mgeni kutoka chuo kikuu, kijana wa Kikamba aitwaye Mutua, mpole, mwenye miwani na kamba ndefu ya kupimia. Aliomba kuchimba nyuma ya jiko letu. Alisema zamani sana, kabla hapajawa na mtu, bahari ilifika mpaka hapo, na ushahidi wake ni makome yaliyozikwa ardhini. Akiyaona yalivyolala, na kwa kina gani, atajua maji yalisimama wapi. Mwalimu wake angekuja Ijumaa kulitazama shimo. Lisipoonyesha kitu, Mutua angeondolewa kwenye kazi ile arudi kwao kufundisha watoto hesabu, jambo aliloliogopa kuliko nyoka.

Baba alimkubalia kwa mdomo tu. Babu yangu aliwahi kuondoshwa kwenye shamba lake la kwanza na watu waliokuja hivyo hivyo, kwa adabu na kamba. Baba akawaza: huyu akithibitisha kwamba hapa palikuwa bahari, kesho serikali itasema hapa ni ufuo, na sisi twende wapi? Basi kila alasiri Mutua alipokwenda kisimani kuoga, baba aliingia shimoni, akayang'oa makome na kuyaficha chini ya kitanda chake.

Shangazi Mwanamisi, dada yake baba, hakuyajua hayo. Yeye aliona tu mtoto wa watu anachimba juani na hana kitu cha kuonyesha.

"Mgeni aondoke kwetu mikono mitupu?" aliniambia. "Si aibu hiyo?"

Kwa hiyo kila asubuhi, Mutua akinywa chai, shangazi aliteremka shimoni na makombe ya chaza tuliowala jana yake, akayachomeka ardhini. Aliyapanga safu nzuri kabisa, maana alikuwa hodari wa kupanga vitu.

Mimi niliyaona yote kutoka jikoni. Lakini msichana aliyekwisha kuposwa hawasemi wakubwa wake, basi nikawa najiziba mdomo kwa kanga nisisikike nikicheka.

Mutua alikaribia kupata wazimu. Makome aliyoyaacha jana hayapo, na mahali pasipokuwa na kitu pamejaa chaza. Alipima, akafuta, akapima tena. Alhamisi alinijia jikoni na kombe moja mkononi, uso umemsawijika.

"Dada, hebu nusa hili."

Nikanusa. Tui la nazi na bizari.

"Bahari ya zamani hiyo," nikamwambia, "ila ilikuwa na mpishi mzuri."

Hakucheka. Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi akaniambia kwamba mwalimu wake anafika kesho. Alasiri ile hakwenda kuoga. Alijibanza nyuma ya banda la kuku.

Baba akaingia shimoni kama kawaida yake. Shangazi naye, kwa kuwa kesho anakuja mgeni mkubwa, akaona asubuhi ni mbali. Akateremka kinyumenyume kwa upande wa pili. Wakagongana migongo.

"Mwanamisi! Wafanyani humu?"

"Namsaidia mgeni. Na wewe, kaka?"

Baba akakitazama kikapu chake kilichojaa makome.

"Nafagia," akasema.

Mutua akatokea. Nilidhani atawatukana. Akawaamkia, "Shikamoo mzee, shikamoo shangazi," halafu machozi yakamtoka, na hapo kicheko kikanikauka. Akawaeleza kwamba kome likishatolewa lilipolala halimfai tena hata likirudishwa, kwa sababu alichokuwa akitafuta ni pale pahali penyewe.

Ndipo baba akalitoa alilolimeza wiki nzima. "Ukiyapata, mtaninyang'anya shamba?"

"Mzee, kazi yangu haimpi mtu shamba wala haimnyang'anyi. Kesho mwulize mwalimu mwenyewe. Mbona hukuniuliza?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Shangazi akawatazama wote wawili kwa hasira. "Na mimi mbona hamkuniambia? Nimewamaliza chaza wa Msambweni nzima!"

Baba alivua kanzu, akaanza shimo jipya pembeni ya lile, Mutua akimwelekeza akwangue polepole. Jua lilipokuwa likishuka makome yakatokea, yameshikamana na mwamba wa matumbawe. Baba aliweka kiganja chake juu yake.

"Kumbe hata bahari ilihamishwa hapa," akasema.

Hakusema kwa mzaha. Mutua aliiweka kamba yake chini.

Ijumaa baada ya sala mwalimu alifika. Kabla hajapewa hata maji baba alimwuliza swali lake, naye akamjibu vile vile alivyojibu Mutua. Akalisifu shimo, akala chaza wa shangazi. Mutua alibaki na kazi yake, nasi tukabaki na shamba hili ulilolikalia sasa.

Nakueleza haya kwa sababu huko Galu unakofanya kazi umemnunia mkuu wako mwezi mzima kwa jambo ambalo hujamwuliza. Nenda ukamwulize. Hofu ya baba ilikuwa na sababu, siicheki. Nacheka mtu mzima kulala wiki nzima juu ya makome kwa kuogopa swali. Na ukitaka kumsaidia mtu, mwulize kwanza anataka nini, usije ukamharibia kazi kwa moyo mweupe kama shangazi.

Mwenyezi Mungu akufungue ulimi, mwanangu, akukutanishe na watu wanaojibu. Na hapo ulipo, asije mtu na kamba akakuondoa. Amina.