Chujio na Kochi Lililocheza Sinema

"Mimi sinunuliki! Hata soda ya mtayarishaji sijawahi kuinywa!"

Aliyasema hayo redioni, mchana kweupe, watu wakiwa mezani. Tangu siku hiyo mhakiki wa sinema aliyejulikana kama Chujio hakupata raha, maana anayetangaza kwamba hana doa hushinda akijikagua shati.

Kila Ijumaa alizichambua sinema mpya, na ulimi wake haukuwa na breki. Ile ya polisi iliyojaza kumbi mwezi mzima? "Bastola moja, risasi mia. Hiyo si bastola, ni bomba la maji." Ile ya mapenzi? "Binti kalazwa hajitambui, rangi ya mdomo haijafutika. Muuguzi au msusi yule?" Ile ya mzimu? "Mzimu unaogopa taa! Lipeni bili ya umeme, yaishe." Watu walicheka, na neno lake wakalifuata.

Lakini jicho linalotafuta uongo halivuliwi mlangoni kama kiatu. Jirani akimsalimia kwa uchangamfu, Chujio alijiuliza kuna nini.

Jioni moja akakuta sebuleni kochi la kijani, mbao zimechongwa maua, mkono wa kulia una alama ya pasi iliyounguza.

"Mama, hili limetoka wapi?"

"Kwa fundi wa makochi, hapo kona," mkewe akajibu. "Si ulilalamika lile la zamani linakuvunja mgongo?"

"Kwa bei gani?"

"Elfu arobaini na tano. Kaa basi, haling'ati."

Hakukaa. Alilizunguka mara mbili, akaliinamia, akalinusa.

Kesho yake alikwenda kutazama sinema mpya ya mama anayemngoja mwanawe atoke gerezani. Akatafuta kosa, akalikosa. Kisha simu ikalia, mama akapewa habari mbaya akiwa anapiga pasi. Akaiweka pasi juu ya mkono wa kochi, akaketi. Moshi ukapanda. Hakuinuka. Machozi yakamtoka Chujio, naye akaanza kuyashuku: haya ni yangu kweli, au nimetiliwa kitu kwenye maji?

Moshi ulipopungua, akaiona alama. Kochi la kijani. Maua ya mbao. Machozi yakakauka papo hapo.

Hakungoja mwisho. Alimkuta fundi ana misumari mdomoni.

"Kaka, kochi la kijani ulilipata wapi?"

Fundi akatema misumari kiganjani. "Watu wa sinema. Walimaliza kupiga picha, wakaniuzia vyombo vyao vyote."

"Mke wangu alilipa?"

"Shemeji alilipa elfu arobaini na tano. Au ulitaka nimpe bure, nikuharibie jina?"

Majibu mawili, yamefanana hadi senti. Katika kazi yake, watu wawili wakisema neno moja bila kukosea, wamefanya mazoezi.

"Nani alikutuma kwa fundi?" akamuuliza mkewe hata kabla hajavua viatu.

"Mgongo wako."

"Nauliza kwa wema. Nikiisifu sinema ile, kila atakayeingia humu atasema nimehongwa kochi."

"Basi iponde."

"Ni nzuri."

"Ala! Kwa hiyo shida yako ni ukweli?" Mkewe akasimama. "Kama unaona nimeuza jina lako kwa kochi lililoungua, baba, nipeleke redioni na mimi unichambue."

Chujio akamtazama kama atazamavyo waigizaji, akitafuta pale panapopwaya. Hakupaona. Hilo nalo likamtia wasiwasi: hakuna mtu anayecheza vizuri hivyo, labda awe hachezi.

Akafikiria kulirudisha. Akafikiria kulitandika shuka mpaka chini. Lakini la zamani lilikwisha kuuzwa, na usiku huo alilala chali sakafuni, mgongo ukimuuma.

Ijumaa mtangazaji akamkaribisha kwa mbwembwe. "Haya, Chujio, ile ya mama na pasi. Tuiponde?"

"Nendeni mkaitazame. Nimelia."

Mtangazaji akaangua kicheko. "Jamani, leo chujio limetoboka! Wamekupa nini, mzee?"

Hapo angeweza kucheka naye, yakapita. Badala yake akaivuta maikrofoni.

"Kochi la sinema ile liko sebuleni kwangu. La kijani, alama ya pasi mkono wa kulia. Mke wangu alilinunua kwa fundi, hakujua lilikotoka."

Kicheko kikakatika. "Alilinunua," mtangazaji akarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Kwa bei gani?"

"Elfu arobaini na tano," akajibu, na papo hapo akajisikia mwenyewe: sasa watu watatu, neno moja, bila kukosea.